Simbilisi wa Jikoni kwa Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Kibaoni, jiko la bibi likabomolewa mbele ya macho yangu. Kaka yangu anataka kujenga vyumba vya kupangisha pale uani, na kusema kweli lile jiko la udongo lilikuwa limeshainama upande mmoja. Mafundi walipoangusha ukuta wa nyuma, ikabaki wazi ile pembe nyeusi kwa masizi, nikawakumbuka wanyama ambao sikuwa nimewafikiria kwa miaka mingi.

Tulifuga simbilisi. Kama hujawahi kumwona, ni mnyama mdogo kuliko sungura, hana mkia, na ni mwoga kupindukia. Wawili wa kwanza tuliletewa na jirani, mzee wa upande wa Iringa aliyestaafu kazi ya kukata miwa. Alisema kwao jiko bila simbilisi ni kama halina mwenyewe. Bibi, Mpogoro wa Mahenge, hakuwa na hamu nao. Panya ni panya hata akikatwa mkia, ndivyo alivyosema. Lakini zawadi ya jirani hairudishwi. Mwaka haujaisha walikuwa kumi na wawili, wanazurura chini ya kuni.

Kazi ya kuwatunza ikawa yangu. Nilikuwa darasa la nne. Nikitoka shule nilikata majani kando ya mfereji, nikayaanika kidogo, maana mzee alinionya kwamba majani yenye maji yanawaharisha. Jumamosi nilifagia kinyesi chao na kukimwaga kwenye mchicha wa bibi. Wakisikia tu ganda la ndizi linamenywa, wote walipiga mluzi kwa pamoja, fiii, fiii, mpaka wageni wanashtuka.

Mmoja nilimpenda kupita wote, jike jeupe lenye doa la kahawia jichoni. Kwa kuogopa paka, nikamweka peke yake kwenye tenga la kuku na kulifunga mfuniko kwa kamba ya katani. Siku mzee alipoliona, alitikisa kichwa.

"Huyo mwachie akimbie na wenzake."

"Paka atamla, babu."

"Akimwona paka atakimbia. Humo ndani atakimbilia wapi?"

Nikadhani hampendi kama ninavyompenda mimi. Tenga likabaki pale pembeni.

Masika yale, mchana mmoja baada ya mvua, siafu waliingia jikoni. Mimi nilikuwa shule, bibi alikuwa mashineni anakoboa mpunga. Niliporudi nilimkuta mzee anamwaga majivu mlangoni. Simbilisi kumi na mmoja walikuwa wametoka mbio na kujikusanya kwenye migomba yake, wazima. Nikamuuliza kuhusu tenga. Akainama kuchota majivu mengine.

Niliingia pekupeku. Ukuta ulikuwa unatembea. Nikalitoa tenga nje, siafu wameshanipanda hadi magotini, nikaanza kufungua kamba. Nilikuwa nimeifunga vizuri sana. Ilipofunguka, yule jike alikuwa ameshakufa.

Bibi alinikuta nimekaa chini karibu na ndoo ya majivu. Nililia, nadhani, ingawa ninachokumbuka zaidi ni miguu kuwaka moto. Nilingoja fimbo. Badala yake alichuchumaa, akaanza kuwabandua siafu kwa kucha, mmoja mmoja, bila haraka.

"Ulimpenda," alisema. Alipomaliza mguu wa pili akaongeza, "Sasa inuka ukakate majani. Wale wengine wana njaa."

Nikaenda. Niliwatunza miaka mitatu zaidi, wote wakiwa huru, na baadhi yao paka aliwala kweli. Nilipoenda sekondari ya bweni, bibi aligawa waliobaki kwa watoto wa majirani, waliozoea kukatiza uani kwetu na konzi za majani. Siku hizo hakukuwa na ua wa kumzuia mtu.

Sasa kila nyumba pale ina ukuta na geti. Bibi hayupo, na kwa yule mzee wanakaa wapangaji. Kabla ya kuondoka niliwauliza watoto wao kama wanamjua simbilisi. Walitazamana. Mmoja akasema anamjua, alishamwona kwenye simu. Nikamuuliza anakula nini. Akafikiri kidogo, kisha akasema hilo hawakulionyesha.