Nyuma ya Goli, Upande wa Kushoto

Juzi mtoto wa kaka yangu alinitumia ujumbe kwenye simu. Nilikuwa nimekaa uani hapa mjini, mtaa wa Kikuyu, ungo mapajani, napepeta choroko. Kijana huyu anasoma kidato cha tatu kule kule nilikosoma mimi, upande wa Kongwa, na alikuwa ameniletea tathmini ya mechi ya Jumamosi: shule yetu dhidi ya wale wa ng'ambo ya korongo. Kila mchezaji na picha yake, nani mzima, nani anachechemea, nani amefunga mangapi. Mwishoni akauliza, "Shangazi, nani atashinda?" Nilisoma mpaka nikafika kwa golikipa, nikaiweka simu chini. Choroko sikuzimaliza siku ile.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana wewe hukuwepo.

Enzi zetu shule ile ilikuwa changa. Wazazi waliijenga wenyewe kwa matofali ya kuchoma, miaka ile watu walipoanza kuruhusiwa kufungua shule zao, maduka yao na magazeti yao. Wale wa ng'ambo walikuwa na shule ya serikali ya siku nyingi, yenye goli za chuma na nyavu. Goli zetu zilikuwa miti mitatu mitatu, na habari za nyavu tulizisikia redioni. Jezi alizichambua mwalimu wa michezo kwenye marobota ya mitumba mnadani. Zote zilikuwa za kijani, ila kijani cha kila namna, na wenye nambari tisa mgongoni walikuwa watatu. Tulicheza nao mara moja kwa mwaka, mwezi wa saba, uwele ukishavunwa, upepo wa baridi unapokusukuma mgongoni na kukujaza vumbi masikioni. Hata bibi yangu, ambaye hakuwahi kuelewa kwa nini watu ishirini na wawili wenye akili zao wagombee kitu kimoja, siku hiyo alichemsha karanga sufuria nzima.

Kazi yangu mimi ilikuwa gazeti la ukutani. Uandishi niliusomea kwenye sukari. Magazeti yalikuwa yamezidi kuwa mengi na mwenye duka aliyatumia kufungia bidhaa, kwa hiyo bibi akinituma robo ya sukari nilirudi mwendo wa kinyonga, nasoma. Kurasa za michezo nilizipenda kuliko zote kwa sababu ya majigambo yake. Tatizo zilikuwa zimechanwa nusu. Nilizijua mechi nyingi zilizokuwa zinakuja, matokeo yake sikuwahi kuyajua.

Gazeti langu nililiandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi, nikalibandika kwa uji wa mtama nje ya ofisi ya walimu. Mbuzi wa mwalimu mkuu walipenda sana uji ule. Nikibandika asubuhi, jioni habari zimeliwa kuanzia chini kwenda juu, mpaka nikajifunza kuweka mambo ya maana kwenye mistari ya kwanza.

Sasa, golikipa. Tulikaa dawati moja, yeye mwisho wa kushoto, mimi kulia kwake, na hakukubali kubadilishana hata siku moja. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye viganja vipana, na alikuwa akidaka mipira ambayo wengine wangeikimbia. Ilinichukua miezi kugundua kwamba ukimwita kutoka kushoto anageuza uso mzima, kama kuku anayemtazama mwewe. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibika tangu utotoni, kwa ugonjwa ule wa macho uliotusumbua wengi kwetu. Kwa nje lilionekana zima. Hakuniambia, na mimi sikumwuliza. Nilianza tu kusogeza daftari langu karibu na mkono wake wa kulia ili anakili, naye akaanza kunikatia nusu ya kiazi chake wakati wa mapumziko. Nilimpenda. Nakuambia sasa kwa kuwa sina tena wa kumficha.

Mwaka ule afisa michezo wa wilaya alikuwa anakuja kuitazama mechi, achague vijana wa kwenda kambini mjini. Golikipa hakutaka kitu kingine duniani. Mwalimu wa michezo angejua habari ya jicho lile, asingempanga hata kuokota mipira.

Nami Jumatatu ya wiki ile nikaandika tathmini yangu. Niliiga magazeti ya sukari, nikatia chumvi kila mahali. Mstari wa kwanza kabisa, ule ambao mbuzi huufikia mwisho, uliandikwa hivi: "Wale wa ng'ambo na waje. Golikipa wetu kwa jicho moja anaona kuliko wao kwa macho yao ishirini na mawili."

Nilikuwa namsifu. Nilijua ni kweli, na nilijua kila mtu atadhani ni majigambo tu, na siri ile ya wawili wetu kukaa hadharani bila kuonekana ilinifurahisha kupita kiasi. Watu walisoma wakacheka. Mwalimu wa michezo alisoma mara mbili, akasema, "Hii mbuzi hawaili," akaenda akakata matawi ya miiba akalizungushia gazeti. Kwa mara ya kwanza maandishi yangu yalivuka usiku salama. Nikatembea siku mbili kama bibi harusi.

Jumatano ilikuwa zamu yetu wasichana kuchota maji ya jiko la shule. Kiangazi maji yalikuwa korongoni, kwenye visima vya kufukua mchangani, na wasichana wa ng'ambo walichota hapo hapo. Kisima cha mchanga hujaa taratibu, inabidi kusubiriana, na katika kusubiri ndimo utani ulimozaliwa. Kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: ukitaniwa, jibu. Anayekosa jibu anachota mwisho.

"Mbukwenyi," akasalimia msichana mmoja mrefu wa ng'ambo, ambaye kaka yake alikuwa winga wao. "Tumesikia golikipa wenu ana jicho moja."

"Linawaona nyote," nikasema.

"Lipi hilo, tulisalimie?"

"La kulia. Linawatosha."

Wenzangu wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimeshinda, nikainama kuchota wa kwanza. Kata yangu haijajaa, nikainua macho nikamwona yule mrefu. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaangalia kama mwenyewe yupo.

Bibi alizoea kusema mdomo uliponza kichwa, na mimi siku zote nilidhani ni kichwa cha mwenye mdomo. Nilipanda kutoka korongoni maji yakinimwagikia mgongoni, nikaweka ndoo jikoni, nikaenda kuibandua ile karatasi. Miiba ilinichana mikono yote miwili. Uji wa mtama ulikuwa umekauka ukawa kama saruji yenyewe, na ule mstari wa kwanza uligoma kutoka. Laiti mbuzi wangeula.

Ijumaa, kipindi cha jiografia, nilimwandikia golikipa yaliyotokea korongoni, kwa penseli pembeni ya daftari, karibu na mkono wake wa kulia. Alisoma. Akachukua kifutio akafuta taratibu, akapuliza vumbi lake.

"Walikuuliza?" akanong'ona.

"Kwa utani."

"Mwalimu anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Kesho simama nyuma ya goli, upande wangu wa kushoto. Mpira ukija huko, niite."

Hayo tu. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza.

Jumamosi nilisimama hapo. Mpira haujamaliza hata dakika tano nikaona wameambiana. Kila shuti la ng'ambo lilikwenda kushoto, na yule winga akawa anakata kutoka upande huo huo kila mara. Nikamwita golikipa kwa jina lake, kwa sauti yangu yote, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kila nilipoita aligeuza uso mzima, akaruka, akapangua. Shule nzima ilinisikia. Wasichana wakaanza kuitikia jina lile kwa kunibeza, wavulana wakapiga miluzi, na mpishi wa shule, mama mnene aliyependa kutania, akasema kwa sauti, "Ukipenda, chongo huita kengeza." Nikadhani anajua. Hakujua kitu. Alikuwa ananisema mimi. Nikashukuru Mungu kwa aibu ile, maana ilikuwa imetufunika wote wawili.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, nikauzunguka uwanja mbio na sketi yangu nikaenda kusimama tena kushoto kwake. Bado hakukuwa na goli. Afisa michezo alikuwa amevuta kiti chake karibu na mstari, akiandika. Hapo ndipo mwalimu wa zamu, mwanamke mkali aliyetulea kama ametuazima kwa wazazi wetu, akaja akanishika bega.

"Binti, huna haya? Wageni wote wanakutazama. Ondoka hapa."

Rafiki yangu, dakika ile ninayo mpaka leo. Ningeweza kumwambia kwa nini nimesimama pale. Lakini Jumatano nilikuwa nimefungua mdomo, na nilikuwa nimekula kiapo usiku kucha kwamba sitaufungua tena. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu." Nikaondoka, hatua moja baada ya nyingine, mpaka kwenye benchi la wasichana.

Nilikuwa sijakaa. Winga alikata, akapiga chini chini, kushoto. Nilimwona golikipa ametulia, uso umetazama mbele, anasubiri sauti. Mpira ulimpita karibu na mguu. Kwa kuwa hatukuwa na nyavu, ulikwenda mbali sana, mpaka kwenye uwele uliovunwa, na yeye ndiye aliyeufuata.

Tulifungwa moja bila. Afisa michezo alimchukua winga.

Jumatatu golikipa alikaa mahali pake, mwisho wa kushoto. Nilisogeza daftari, akanakili mistari miwili, akasema bila kuinua kichwa, "Ulikwenda wapi?"

"Mwalimu wa zamu alinifukuza."

"Ungemwambia."

"Ningemwambia nini?"

Akakata kiazi, akanipa nusu. Siri yake haikutoka, wala yeye na mimi hatukuizungumza tena. Tulimaliza kidato cha nne, kila mtu akashika njia yake. Nasikia yuko Chemba, ananunua ng'ombe minadani, na wanasema huwezi kumwuzia mnyama mgonjwa kwa sababu ni lazima amzunguke, amtazame kutoka pande zote mbili.

Korongo limebaki mchanga mtupu, maji sasa ni ya bomba na hakuna anayesubiriana na mtu. Uwanja una goli za chuma na nyavu. Gazeti la ukutani hakuna. Siku hizi tathmini inaandikwa asubuhi, na saa ya chai imeshafika kwa shangazi mjini, na hakuna mbuzi wa kukuokoa na ulichoandika. Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani ndipo nilipoondoka pale nyuma ya goli.

Niliichukua tena simu. Kijana alikuwa bado anasubiri jibu lake. Kidole changu si chepesi, kwa hiyo niliandika polepole: "Sijui atakayeshinda. Lakini golikipa kama ni rafiki yako, kasimame nyuma yake. Wakikufukuza, usiondoke."