Siku ya Ombi la Mama Waya

Nilimwona Mama Waya mara ya kwanza katika ofisi ninakofanya utarishi, alipokuja kuomba kibali cha kupandisha ada ya televisheni. Nyaya alizoutandazia mtaa zilikuwa zimechakaa, na bila nyongeza asingeweza kununua mpya. Upepo ulipovuma, aliinuka kuchungulia dirishani.

“Kaa, mama, benchi halina meno,” karani akamtania.

“Upepo unayo.”

Kweli, waya mmoja ukaanguka ng'ambo ya barabara. “Kaka, wakiniita waambie niko hapo nje,” akaniambia, akatoka mbio.

Wakamwita. Mbele ya wakubwa wale ulimi wangu ukawa mzito, na ombi likaahirishwa hadi mwaka ujao. Aliporudi akaniuliza taratibu, “Kaka, hata neno moja?”