Besi Wapo Kreta

Kwa miaka yote niliyofundisha chuo kikuu nilikana kwamba natunga nyimbo. Sasa nimestaafu kwa hiari, hakuna wa kunishusha cheo, kwa hiyo naungama: ndiyo, nilikuwa natunga, tena katikati ya vikao vya idara.

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara alinikuta kwenye korido nikijiimbia chinichini.

"Binti, wewe ni wa kwaya?"

"Hapana, Profesa. Nina mafua."

Mafua hayo yalinifuata kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri mwandamizi. Mchana niliandika makala zilizosomwa na wahakiki waliolazimishwa. Jioni niliandika nota, zile herufi za do-re-mi ambazo vijana mnaotunga kwa kompyuta huenda hamzijui, nikazificha chini ya mitihani ambayo haijasahihishwa. Hapo hakuna ambaye angepekua, hata mimi.

Niliporudi nyumbani Karatu, nilimpelekea wimbo mmoja Mwalimu Bura, anayefundisha kwaya ya mtaa wetu.

"Dokta, beti tisa? Huu ni mhadhara."

Nikakata, zikabaki tatu. Akaupenda, akataka tuuimbe kwenye mashindano ya kwaya. Shida ilikuwa besi, ile sauti nzito ya wanaume inayoubeba wimbo mzima. Kwetu besi wote ni madereva wa watalii. Msimu wa wageni ukifika wanahamia kreta, lile bonde kubwa la wanyama, na kanisani tunabaki akina mama na wazee wachache wenye pumzi fupi.

Waliondoka na nota zangu, wakaahidi kurudi asubuhi ya mashindano wakiwa wameiva. Mwalimu Bura hakuwaamini.

"Watarudi wanajua habari za vifaru tu. Jumatano, mazoezi ya mwisho, nisipowasikia hata kwa simu, tunaimba ule wa zamani."

Nilimjibu "sawa" kwa utulivu wa msomi, kisha nikaenda kulia nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa nimeacha mshahara ili niusikie wimbo wangu ukiimbwa na watu.

Jumatano mazoezi yalikaribia kwisha, besi hawajapiga. Mwalimu Bura alikuwa ameshagawa karatasi za wimbo wa zamani simu yake ilipoita. Alikuwa Gidamis, kiongozi wa besi, yuko kwenye kantini ya madereva juu ukingoni mwa kreta.

"Mwalimu, weka spika! Tupo wote. Hata wapishi tumewafundisha."

"Nyie, mmekunywa?" akauliza mama mmoja wa soprano.

"Chai tu, mama! Anzeni, dakika zinaisha!"

Wakaanza. Mtandao wa kule ni mzito, kwa hiyo besi ilifika imechelewa kidogo, nyuma ya akina mama, kama ngurumo inayofuata umeme. Sikuwa nimeandika hivyo. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoandika, msaada ambao hakuna mhakiki aliyewahi kunipa.

Mwalimu Bura hakusimamisha wimbo. Mkono mmoja uliendelea kuongoza. Kwa mwingine alipita akikusanya karatasi za ule wa zamani, moja moja, kutoka mapajani mwa waimbaji.