Siku Niliyomkana Baba Kwenye Mikro

Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini mama Safi ameshaisimulia habari hii kwa soko zima, tena anaongeza vitu (eti nililia hadi fulari ikadondoka, uongo mtupu, fulari ilibaki kichwani), kwa hiyo afadhali muisikie kwa mwenye aibu yake: ndiyo, ni mimi yule mwanamke aliyesimama mbele ya watu wa Likasi na kusema kwenye mikro kwamba hamjui baba yake mzazi. Nilisema mara tatu. Nimehesabu, nikarudia kuhesabu, zinabaki tatu.

Ili mnielewe, kumbukeni kazi yangu. Nauza viatu vya mitumba, na viatu vimenifundisha kwamba mtu anayekitaka kiatu kweli hakiangalii. Anaangalia cha pembeni. Halafu anakishika kile anachokitaka kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa, anasema soli imekwisha, rangi imepauka, nani atavaa kitu hiki, na ukimtajia bei anacheka na kuanza kuondoka, lakini polepole, ili umwite. Miaka kumi na tisa wananifanyia hivyo, na mimi nikienda kununua nawafanyia wengine. Hakuna anayekasirika. Kila mtu sokoni anajua kwamba maneno yale mabaya ni barabara tu ya kwenda kwenye bei.

Basi Jumamosi ile mama Safi, anayeuza kandambili meza ya pili kutoka kwangu, akaniinamia na kuninong'oneza kama anayeuza siri.

"Mama Bea, leo kuko vernisaji mu ile sale ya zamani ya sinema. Banafungua maonyesho ya mapicha."

"Kuingia ngapi?"

"Bure."

"Na kinywaji?"

"Bure."

"Sasa banauzisha nini?"

Akarudi kupanga kandambili zake, na jambo ambalo halina bei linanivuta. Tukafunga meza saa tisa, tukatembea pole (kwa makusudi, maana mahali pa bure kinywaji hutoka baada ya hotuba, na mimi sijawahi kuona faida ya hotuba). Mlangoni alikaa msichana mwenye daftari. Nikamuuliza kuingia ni ngapi, akasema bure. Nikamuuliza na kutoka? Akacheka, mimi sikucheka, nilikuwa nauliza kweli.

Ndani kulikuwa na picha kubwa za sura za watu, zimepakwa rangi, kila moja urefu wa mtoto wa shule, na hakuna jina wala bei chini ya hata moja. Watu walikuwa wengi, vinywaji vilikuwa kwenye meza ya kushoto, na katika kona ya kulia mchoraji mwenyewe, Trezor, mwanamume wa ndevu fupi na kucha za rangi saba, alikuwa na brashi zake akiwaonyesha wageni namna anavyochora. Nikazihesabu picha: thelathini na tatu. Nikachukua fanta, nikahesabu tena, zikawa thelathini na nne. Ile ya ziada ilikuwa nyuma ya ubao wa mlango ulioachwa wazi. Nikauvuta mlango nione nimekosea wapi.

Alikuwa baba.

Baba yangu alikufa nikiwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo wangu Deo akiwa bado tumboni mwa mama. Nyumbani hatukubaki na foto yake hata moja. Kila mwaka kwenye misa ya kumkumbuka wenzetu huweka foto na mshumaa, sisi huweka mshumaa na kofia yake ya kazini. Na Deo, ambaye sasa ana ndevu na watoto wawili kule Kambove, bado huniuliza mimi dada yake mkubwa, "Yaya, baba alikuwa na sura ya namna gani?" na kila mwaka nilikuwa na maneno machache zaidi ya kumjibu, kwa sababu sura yenyewe ilikuwa inanitoka kichwani kama rangi ya kitambaa kibaya. Sasa ilikuwa pale, yote kwa mara moja, na suti, na tai ambayo haikuwa yake, na sikio la kushoto lililolizidi la kulia, na ule mdomo wa mtu anayengoja umtajie bei.

Mwenye akili angepiga kelele. Mimi niligeuka, nikaanza kuangalia picha ya pembeni.

Ndiyo. Nilisema moyoni: hii picha haitalala nje ya nyumba yangu, hata nikiuza meza. Na papo hapo nikasema: basi wasijue. Wakijua ni baba yangu, watanitajia bei ya baba. Wasipojua, nitalipa bei ya mzee yeyote.

Trezor akaja akifuta mikono. "Jambo, mama. Unamujua uyu muzee?"

"Hapana. Napita tu." (Hiyo moja.)

Nikanywa fanta kidogo, nikaigusa fremu kwa vidole viwili. "Na hii ni ngapi?"

"Haiuzwe, mama."

Haiuzwi! Sokoni ukisikia haiuzwi ujue muuzaji amekaa vizuri kwenye kiti na mazungumzo yameanza. Nikafurahi hata. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikainamisha kichwa, nikamtazama baba yangu kama kiatu kilichopasuka.

"Ni haki isiuzwe. Nani atanunua? Angalia masikio: moja ya mutu, ingine ya tembo. Na amenuna namna hii, unasema mutu banamunyima bukari siku mbili."

Trezor akakunja uso. "Kweli, mama? Ile sikio iko mubaya?"

"Mubaya sana. Minye ningekuwa weye, ningeona haya."

Watu wakaanza kusogea, maana nina sauti ya soko, haina kifuniko. Mama Safi naye akaja na bilauri mbili, zote zake. Na bwana mmoja mnene wa suti ya kijani, aliyekuwa anaongoza sherehe na mikro mkononi, akafika akitabasamu kama amepata mchezo.

"Mama, tunafurahi kusikia maoni. Lakini sema kwa wote: uyu muzee, unamujua?"

Akaniwekea mikro mdomoni. Sauti yangu ikatoka kwenye vipaza viwili vya ukumbini na kimoja cha barabarani.

"Simujue! Nitamujulia wapi? Anafanana mwizi wa kuku." (Mbili.)

Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona bei inashuka.

"Hata kama jirani wa zamani? Kweli kabisa?"

"Hata jirani. Kweli kabisa." (Tatu.)

Bwana wa suti ya kijani akaugeukia ukumbi. "Basi, bababa na bamama, uyu naye hana mutu. Nakumbusha tena, kwa waliochelewa hotuba." Akaniangalia. "Hizi sura zinatoka kwa foto ambazo watu walipigwa zamani studio moja hapa mujini, hawakurudi kuzichukua. Kila picha ni kado, zawadi ya bure. Familia inayomtambua mutu wake inambeba leo. Wale wasiotambuliwa, gari la kesho asubuhi linawapeleka Lubumbashi, na kutoka kule banaenda Ulaya."

Fanta ikanipalia.

Nilikuwa nimetumia robo saa nzima kushusha bei ya kitu cha bure, na nilikuwa nimekishusha hadi kimepotea. Baba yangu, ambaye hakuwahi kufika hata Lubumbashi bila kugombana na kondakta, alikuwa anaenda kutundikwa Ulaya bila jina.

Nikamshika bwana yule mkono. "Ngoja. Ile njo baba yangu, ni yeye mwenyewe."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Ah! Sasa iko kado, mwizi wa kuku amekuwa baba!" akasema mzee mmoja.

"Na minye ni mutoto yake!" akadakia mwanamume karibu na vinywaji. "Mama Bea, tugawane, weye beba sikio ya tembo!"

Nikamtafuta mama Safi anitetee. Akasema, kwa sauti ya kutosha, "Bea, ulikuwa unasema haumujue, hata minye nilisikia." Miaka tisa tunakula mezani pamoja.

Nikageuka nimwombe Trezor, na ndipo nikaona. Yule mwanamume alikuwa amechukua maneno yangu kwa moyo. Alikuwa ameleta brashi na kopo la rangi ya ukuta aliouchora nyuma ya baba, amepiga goti mbele ya picha, na alikuwa anapunguza sikio.

"Acha sikio ya baba!"

Nilipiga kelele hiyo na mikro bado ilikuwa karibu. Watu wa barabarani, niliambiwa baadaye, walidhani kuna mtu anapigwa. Nikamrukia Trezor, nikamshika mkono, naye akashtuka akauvuta, na brashi ikapita kwenye kitenge changu, ikapita kwenye suti ya kijani, ikamalizia kwenye shavu la baba, mstari mmoja mrefu wa rangi ya chokaa.

"Mama, weye mwenyewe ulisema iko mubaya!"

"Nilikuwa nauliza bei!"

"Lakini niliambia weye haiuzwe!"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo liliniudhi zaidi. Bwana wa suti ya kijani, akijifuta kwa karatasi, akasema kwa ubaridi kwamba sherehe inafungwa saa kumi na mbili, na mtu aliyekana mbele ya watu wote hawezi kupewa picha kwa kelele tu, alete mtu mzima wa ukoo anayeweza kusema jambo la kuaminika. Saa ilikuwa kumi na moja kasoro dakika tano. Nilitazama saa ya mtu mwingine pia, ilisema vilevile.

Wengine wangeenda nyumbani kujificha. Nilikiona kile kicheko chote, nikakipita. Nikampigia simu shangazi Odile, dada wa baba, anayekaa Kikula, nikamwambia apande pikipiki yoyote, asibishane, nitalipa atakachotajiwa. (Akajua papo hapo kuna msiba. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo.) Halafu nikaenda kusimama mbele ya picha, mikono nimeinyoosha, na kwa nusu saa hakuna aliyepita hapo, wala Trezor, wala mwenye kamba za kufungia picha za safari, wala aliyetaka kupiga foto na "mama wa sikio".

Shangazi alipofika, mama Safi alimpokea mlangoni na kumsimulia kila kitu, hata kuku. Shangazi akaja moja kwa moja, akanifinya mkono pale penye nyama, akageuza, kama nilipokuwa na miaka saba. Halafu akainua macho, akaona picha, na vidole vyake vikalegea vyenyewe.

"Kaka," akasema. Basi.

Wakampa mikro. Akaigonga kwa kidole asikie kama inafanya kazi.

"Uyu ni ndugu yangu," akasema. "Ile tai iko ya shemeji. Alipigwa foto ile mwaka wake wa mwisho. Alikubaliana bei na mupiga foto, halafu foto ikatoka kubwa kidogo kuliko walivyopatana, mupiga foto akaomba aongeze kidogo. Akakataa. Kila mwisho wa mwezi alipita studio, anasema shusha. Mwenyewe anasema hapana. Tukamwambia, kaka, lipa tu, mutoto anakuja, ataona sura yako. Akacheka. Akasema: 'Nitangoja. Atamuuzisha nani sura yangu? Lazima atashusha.' Mwezi wa nne wa kungoja akapata homa, hakuamka."

Hilo nilikuwa silijui. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini hatukuwa na foto.

Trezor akaondoka, akarudi na kisanduku cha kartoni, akapekua, akatoa foto yenyewe, ndogo kuliko nilivyofikiri, akaigeuza. Nyuma mpiga foto alikuwa ameandika kwa penseli, bila jina: Mubishi. Anasema atarudi.

Bwana wa suti ya kijani akaisoma mara mbili, akampa mzee aliyenicheka naye aisome. Hakuna aliyecheka tena. Ila mama mmoja wa nyuma, mtu wa kanisa nadhani, akasema kwa sauti: "Alikana mara tatu, akubali mara tatu." Wote wakasema ndiyo, ni haki.

Nikachukua mikro. Nikasema ninamjua, huyu ni baba yangu. Nikasema ninamjua, masikio yake ni haya haya, sijaona mazuri kuliko haya. Ya tatu nilifungua mdomo na haikutoka, ikabidi shangazi anishike mgongo, na hata hivyo walisikia nusu tu. Wakaihesabu, na picha ikawa yangu.

Trezor alikaa hadi ukumbi ukafungwa, akiangalia ile foto ndogo, akasafisha shavu na kurudisha sikio. Nikamshukuru. Nikamwomba msamaha pia, bila kupunguza chochote.

Deo alikuja kutoka Kambove Jumapili iliyofuata. Sikuwa nimemwambia. Alipoingia alikuwa anazungumza habari ya barabara, akaiacha katikati. Akavuta kiti, akakaa mbele ya picha, sahani ya bukari, ugali wetu, ikapoa mbele yake. Halafu akaniuliza, "Na sauti? Sauti yake ilikuwa namna gani?" Nikajaribu kumwigiza, nikaona maneno yote ninayomkumbuka akisema ni ya kugombania bei, basi nikamwambia hayo hayo, na Deo akacheka huku anajifuta uso.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi. Viatu nitaendelea kuvitukana, ni kazi yangu, na msinitegemee nibadilike. Lakini mtu akiniuliza kuhusu mtu wangu, awe hai au marehemu, kama namjua, nitasema ndiyo, nitasema kwa sauti, na bei watanitajia baadaye, yoyote watakayotaka.