Kamongo wa Gredi ya Nne

Nasipwondi alikuwa na nakala ya muundo wa mtaala wa Sayansi na Teknolojia, kurasa zimetobolewa na kufungwa kwa kamba ya kiatu, na aliipenda kama watu wengine wanavyopenda simu zao. Aliisoma akila, aliisoma akisubiri maji ya chai yachemke, na kila alichokiona duniani alikipima kwa ngazi nne zilizoandikwa humo: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na chini ya matarajio. Chapati za hoteli ya pale Otonglo zilikuwa zinakaribia. Mvua ya Kisumu ilizidi. Waswa, mpenzi wake, aliyeahidi kupiga simu Jumapili kisha akasahau, sidhani unahitaji kuambiwa aliwekwa wapi.

Alikuwa binti wa Bungoma, umri miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo cha ualimu. Chuo kilikuwa kimemtuma kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi iliyo karibu na ziwa, mwendo mfupi wa miguu kutoka soko la Otonglo. Kwao kulikuwa na mahindi, miwa na kuku wa kuheshimika. Samaki aliwajua wakiwa wamekaangwa tu, na kwa kweli aliwajua vizuri.

Mazoezi yana tathmini tatu. Ya kwanza alipita kwa kusukumwa. Ya pili alianguka, tena vibaya, kwa sababu alisoma andalio la somo neno kwa neno kama hakimu anayesoma hukumu, na mtoto mmoja alipouliza swali akamjibu, "Hilo haliko hapa." Sasa ilibaki ya tatu. Akianguka tena, angerudia muhula mzima wakati wenzake wanavaa joho, na mama yake alikuwa ameshawatangazia akina mama wa kanisa tarehe ya mahafali na rangi ya vitenge. Msichana wa watu alikuwa halali vizuri.

"Madam, usijisumbue bure," alimwambia Mwalimu Zadock, mwalimu wa darasa alilopangiwa, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi. "Mada yako si ni samaki? Basi leta samaki hai. Huyo Madam Dorca wa chuo akiona kitu inasonga, anasahau kutafuta makosa."

Ushauri ukamwingia. Siku ya tathmini, asubuhi na mapema, Nasipwondi aliteremka ufuoni akamkuta Mama Achola, muuza samaki, akipanga mali yake kwenye meza.

"Mama, nataka samaki hai. Wa kufundishia."

"Hai?" Mama Achola akamtazama juu hadi chini. "Nyathina, mtoto wangu, samaki ya ngege itakufa hata kabla ufike kwa lami. Mbuta nayo ni ya kufa tu. Kama unataka samaki ya kukaa, chukua kamongo. Hiyo haina haraka ya kufa."

Akamtolea mnyama mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima, mweusimweusi, mwororo, mwenye macho madogo na mapezi membamba kama kamba. Akamtia kwenye ndoo yenye maji ya kufika nusu.

"Maji isizidi hapo," alisema. "Na usimchezee mdomo, anauma. Saa sita uniletee, kuna mteja wa Bondo anamngojea."

Nasipwondi alishukuru, akajitwika ndoo yake kichwani, akaondoka. Njiani alimwonea yule samaki huruma. Maji nusu ndoo! Kwa mawazo yake, Mama Achola alikuwa anampunguzia mzigo tu. Shuleni, kipindi chake kilipokaribia, kwa roho yake nzuri, akamhamishia kamongo kwenye beseni kubwa la jikoni, akalijaza maji mpaka yakafika ukingoni. Kisha, kwa vile aliambiwa anauma, akafunika beseni lote kwa kipande cha kioo cha dirisha alichokitoa Zadock stoo, akaweka matofali mawili juu yake, moja kila upande. Watoto wangeona vizuri na hakuna kidole ambacho kingeng'atwa. Kusema kweli, alijiona mjanja.

Madam Dorca aliingia saa tano kamili. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye miwani ya kamba na faili la kijani, na alikwenda kuketi nyuma kabisa bila hata kutabasamu. Nasipwondi akapiga moyo konde na kuanza. Akaandika ubaoni: *Samaki wote hupumua kwa matamvua.* Akawaita watoto arobaini na wanane wa Gredi ya Nne wasogee kulizunguka beseni.

"Matamvua ni zile nyama nyekundu zilizo chini ya mashavu ya samaki," alisema. "Zinamwezesha kupata hewa iliyo ndani ya maji. Kwa hiyo samaki hahitaji kuja juu kama sisi. Sawa?"

Watoto walitazamana. Wawili wakabana kicheko.

Nasipwondi aliendelea. Dakika zikapita. Ndani ya beseni kamongo aliinua pua mpaka kwenye kioo, akakigonga, akarudi chini. Akapanda tena, akagonga kwa nguvu zaidi, maji yakamwagika kando. Mwalimu akafurahi moyoni kwamba samaki wake anasonga, kama Zadock alivyosema.

"Ticha." Alikuwa Shantel, binti wa mvuvi, mtoto mpole ambaye kwa wiki sita hakuwa amefungua mdomo katika somo la sayansi, na ambaye Nasipwondi alikuwa amemwandikia "chini ya matarajio" mara tatu mfululizo. "Ticha, hiyo kamongo inakufa."

"Haifi, Shantel. Iko ndani ya maji."

"Ndio inakufa! Maji imejaa, na umefunika. Inataka kuja juu ivute hewa. Ticha, unaiua!"

Nasipwondi akaangalia andalio lake. Halikuwa na msaada wowote. Akaangalia nyuma, akaona kalamu ya Madam Dorca imesimama hewani. Akawaza mahafali, vitenge, uso wa mama yake. Jibu la zamani lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: hilo haliko hapa. Kisha kamongo akagonga kioo tena, safari hii kwa unyonge, na Nasipwondi akaona aibu. Akasukuma tofali moja, likaanguka kwa kishindo karibu na kiatu chake. Akalitoa la pili, akakiondoa kioo.

Kamongo alitoa pua nje ya maji, akafungua mdomo, akavuta hewa kwa mlio ambao hata Madam Dorca aliusikia kule nyuma. Darasa zima likapiga makofi na vigelegele kama vile Gor Mahia imefunga bao.

"Umejuaje?" Nasipwondi alimwuliza Shantel, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Kwetu kila mtu anajua. Baba husema ukimshika na wavu na umwache chini ya maji, unamkuta amekufa. Ziwa ikikauka anajizika kwa matope anangoja mvua."

Basi andalio likabaki mezani. Nasipwondi alipunguza maji mpaka nusu, akaitoa saa yake mkononi akampa Shantel, akawaambia watoto wahesabu kamongo anakuja juu baada ya dakika ngapi. Mara ya kwanza zilikuwa dakika nne. Mara ya pili sita. Mtoto mmoja akauliza kama huyo ni samaki kweli au ni mtu wa kujifanya samaki, wakabishana, wakamkagua mapezi, wakamkagua magamba, wakakubaliana ni samaki. Kengele ilipolia hakuna aliyetaka kutoka. Nasipwondi alichukua dasta akafuta neno "wote" pale ubaoni, na watoto wakamwamuru aongeze kwamba kamongo huja juu kuvuta hewa. Akaongeza.

Ofisini furaha ikamwisha. Madam Dorca aliketi, akanyoosha mkono kutaka faili, akalifungua penye andalio la siku ile, na hapo Nasipwondi akakumbuka alichokuwa ameandika humo. Maana mwishoni mwa kila andalio kuna nafasi ya mwalimu kuandika, baada ya kufundisha, jinsi somo lilivyokwenda. Na walimu wanafunzi wote, tangu enzi na enzi, huijaza kabla, wakiwa kitandani, ili wasisahau. Yake ilikuwa imejazwa kwa wino wa bluu, hati nzuri kabisa: *Somo lilifaulu. Wanafunzi wote wameelewa kwamba samaki wote hupumua kwa matamvua.*

Madam Dorca alisoma. Akavua miwani. "Hii uliandika saa ngapi?"

Angeweza kutafuta uongo. Ulikuwepo mmoja, tena mzuri, ukimngoja. "Jana usiku, Madam," alisema. "Naomba kalamu."

Akakata mistari ile miwili. Chini yake akaandika: *Nilikosea. Karibu niue samaki kwa kufuata nilichoandika. Shantel Akoth alijua, nami nilikuwa simsikilizi. Alama zake nilizompa zirekebishwe.* Akarudisha faili, akakunja mikono mapajani, akaanza kutunga maneno ya kumweleza mama yake.

Madam Dorca alisoma taratibu, kana kwamba ni barua kutoka nyumbani.

"Miaka kumi na tisa," alisema mwishowe, "nasoma hii sehemu. Kila mtu huandika somo lilifaulu. Kila mtu! Nimesimamia masomo ambayo mwalimu alilia, na bado somo lilifaulu. Hakuna siku nimesoma mtu ameandika amekosea." Akaandika alama kwenye fomu, akaigeuza ili Nasipwondi aione. Themanini na moja.

Nasipwondi alizisoma mara tatu. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa, huku anacheka.

Chuoni, kwa miaka mitatu, wakufunzi walimwita mwanafunzi, au walimwita kwa namba yake ya usajili, au walimwita "wewe wa Bungoma". Madam Dorca alisimama, akafunga faili la kijani, akampa mkono.

"Saa sita inakaribia, mwalimu," alisema. "Rudisha samaki ya watu."