Hedifoni Zenye Njaa

Kama shida ni upungufu wa nguvu, kwa nini zipotee sauti nyembamba peke yake?

Nilijiuliza swali hilo nikiwa nimekalia ndoo iliyofunikwa, katika chumba cha kaka yangu pale Kianda, Kibera. Ndoo ndiyo iliyokuwa kiti cha wageni. Chumba chenyewe kilikuwa studio: trei za mayai zimebandikwa ukutani, magodoro yaliyochakaa yamesimamishwa nyuma ya mlango kupunguza kelele za njia, kompyuta ya mtumba na maikrofoni moja. Mvua ikipiga mabati, kurekodi kulisimama mpaka ikatike. Hata hivyo, vikundi vilikuja kutoka kila upande wa Kibera, kwa sababu kaka yangu alijua kuipanga sauti ya kila mtu mahali pake hata ikaonekana kwaya ya watu kumi ni umati.

Mwaka ule alikuwa anatibiwa TB sugu. Kila asubuhi alikwenda kliniki, akadungwa sindano, akameza vidonge mbele ya muuguzi, kisha akarudi midomo imekauka na kulala mpaka mchana. Kazi ya mjengo, iliyokuwa ikimlipia chumba, hakuiweza tena. Uliobaki ni muziki, na katika muziki ilibaki kazi moja: albamu ya kwaya ya kanisa fulani la Kawangware. Kurekodi kulikuwa kumekwisha. Kilichobaki ni kuchanganya sauti, yaani kuamua ipi iwe mbele, ipi nyuma, ipi kali, ipi nyororo. Alikuwa ameshawapelekea mara mbili, na mara zote mbili wakairudisha.

Mara ya pili mwalimu wa kwaya alikuja mwenyewe, jasho likimtiririka, akasimama mlangoni kwa kuwa ndoo nilikuwa nimeikalia mimi.

"Prodyuza, hii kitu inakata," alisema. "Kila 's' ni wembe. Wamama wameniuliza kama siku hizi tunaimbia nyoka."

Kaka yangu hakucheka. "Mnachezea kwa simu. Simu ndiyo mbaya."

"Simu, gari, spika za kanisa, zote ni mbaya? Buda, usinichezee. Hii ya tatu ikikuja hivi, wazee wameshasema tunapeleka kwa mtu mwingine. Na wewe unajua nimekupigania."

Alipoondoka, kaka yangu alizivua hedifoni akazitupa kitandani. Zilikuwa kubwa kama bakuli mbili na nzito ajabu. Mwimbaji mmoja aliyehamia nje alikuwa amemwachia. Ndani hazina koni ndogo kama za kawaida. Zina utando mwembamba kama karatasi ya nailoni, umetandazwa mbele ya sumaku, na sumaku hizo ndizo zinazozipa uzito. Utando ule husema kila kitu bila kuongeza chumvi. Shida yake ni kwamba hautikisiki kwa umeme mdogo. Ukichomeka kwenye simu, muziki unatoka kama unaopigwa nyumba ya tatu.

"Hizi zina njaa," alisema. "Ndiyo maana siskii juu kunaendaje. Naongeza trebo, hizo sauti za juu, kubahatisha tu. Nipate amplifaya ya kuzipatia nguvu, hiyo kwaya itaniombea."

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fizikia, sina kazi, na nina tabia ya kutomwamini mtu yeyote anayeuza kitu. Kwa hiyo kazi ya kuchagua amplifaya ilinifaa.

Nilianzia Kawangware, kwenye duka la vyombo vya muziki lililokuwa na spika mpaka nje ya mlango. Mwenye duka alinitolea boksi jeusi lenye taa za buluu.

"Siste, hii ni wati elfu mbili. Ukiiwasha, jirani anahama."

"Sitaki jirani ahame. Nataka ya hedifoni."

"Hedifoni ni spika ndogo, si ndiyo? Hii inabeba kubwa, itashindwa na ndogo?"

"Inatoa volti ngapi kwenye kipingamizi cha omu hamsini?"

Alinitazama kwa huruma. "Madam, wewe unataka muziki ama unataka kunipatia mtihani?"

Watu waliokuwa dukani walicheka, na mimi pia. Lakini lile boksi lilikuwa limeandikwa wati elfu mbili na waya wake wa umeme ulikuwa mwembamba kuliko wa pasi ya nguo. Nililiacha pale.

Kwenye intaneti nako hakukuwa na nafuu. Kila aliyenunua amplifaya ghali aliapa kwamba ameanza kusikia pumzi za mwimbaji. Niliacha kuwasoma nikachukua karatasi. Hedifoni zina namba mbili za kuangalia: jinsi zinavyopinga umeme, na sauti zinayotoa kwa kila kiasi kidogo cha umeme zinachopewa. Zetu hazikupinga sana, ila zilitoa sauti ndogo. Maana yake zilihitaji mkondo mwingi, na simu au kompyuta haiwezi kuutoa. Halafu nikagundua jambo lililonifurahisha. Redio kubwa za zamani, zile za sebuleni, huchukua umeme wa spika, huupitisha kwenye kipingamizi na kuupeleka kwenye tundu la hedifoni. Kipingamizi hicho huharibu ladha ya hedifoni za kawaida, kwa sababu upinzani wake hubadilika kwa kila noti. Upinzani wa utando wetu haubadiliki. Ungepata nguvu tele na ladha ingebaki vilevile.

Redio ya namna hiyo niliipata Soko la Toi, chini ya rundo la pasi mbovu, kitufe cha kuzungushia sauti kimepotea na badala yake wamekwamiza kifuniko cha dawa ya meno. Nilizichomeka hedifoni palepale, nikaunganisha simu yangu yenye nyimbo za kwaya, nikageuza kifuniko kidogo tu, na lile soko zima likatoweka. Wimbo wa kwaya ulikuwa wazi kama maji. Na herufi ya 's' ilinichoma mpaka nikafumba macho.

Hapo ndipo lile swali la sauti nyembamba lilipoanza kunisumbua. Upungufu wa nguvu hupunguza kila kitu pamoja, besi na trebo, ngoma na filimbi. Hauchagui.

Niliporudi chumbani, kaka yangu aliiwasha redio mwenyewe, akavaa hedifoni, akafunga macho. Nilisubiri atabasamu.

"Besi imekuja," alisema. "Nguvu iko. Lakini juu bado."

"Juu bado aje?"

"Bado. Labda hii radio ni mzee. Tafuta ingine."

Sikutafuta nyingine. Niliweka kwenye simu programu inayotoa mluzi unaopanda polepole, nikauunganisha na redio, nikamwambia ainue mkono kila anapousikia na aushushe ukiisha. Hedifoni za aina ile ziko wazi upande wa nje, sauti huvuja. Mtu aliyeketi karibu husikia pia. Mluzi ulipanda. Mkono wake ulikuwa juu. Ukapanda zaidi, ukafika kimo cha filimbi ya refa, akaushusha mkono.

Mimi kwenye ndoo bado niliusikia, ukipanda, ukitoka kwenye masikio yake mwenyewe.

"Umezima?" aliuliza.

Akafumbua macho, akaniona uso, kisha akaitazama simu mkononi mwangu.

"Umezima, si ndiyo?"

"Sijazima."

Alizivua hedifoni taratibu akazishika mapajani. Mluzi sasa ulijaa chumba, mkali, na mbwa wa jirani akaanza kubweka.

"Hata huyo mbwa anaskia," alisema.

Kesho yake tulikwenda kliniki pamoja. Daktari alitutuma hospitali kubwa kwenye mashine ya kupima masikio, na majibu yaliporudi hakuzunguka. Ni sindano. Zinaua bakteria na zinaua masikio, zikianza na sauti za juu kabisa na kuteremka. Walizisimamisha wakambadilishia dawa. Kilichokwisha kupotea hakingerudi, na kingine kingeweza kuendelea kupotea kwa muda.

"Hakuna mtu amewahi kuniuliza mambo ya masikio," kaka yangu aliniambia tukirudi. "Hata mara moja."

Tulijaribu kuikoa albamu. Niliketi kando yake niwe masikio yake. "Hapa iko aje?" "Inachoma." "Inachoma wapi, kwa sauti ya mtu ama kwa upatu?" "Sijui. Inachoma tu." Alipunguza, nikasema sasa ni butu, akaongeza, nikasema inachoma. Tuliendelea hivyo mpaka akaniomba nitoke nje. Toleo la tatu lilirudi kama yale mawili. Mwalimu wa kwaya hakuja. Alituma ujumbe wa simu, wa heshima, na Mungu akatajwa mara nyingi.

TB ilipona. Uziwi uliteremka mpaka kwenye sauti za wanawake na watoto ukasimama hapo. Studio aliivunja, na trei za mayai akampa mama wa vibanda. Leo anachomelea mageti kwa mwenye ploti ya nyumba za kupanga Kawangware, na ukitaka kumwita unamgusa bega. Kwa miaka mingi nilimweleza kila aliyetaka kunisikiliza kwamba kliniki ile haikumuuliza swali moja jepesi.

Juzijuzi nilikutana na yule muuguzi wake wa sindano pale Soko la Toi, amestaafu, anachagua sweta za wajukuu. Alinikumbuka kabla sijamkumbuka, akaniuliza kaka anaendeleaje. Nilimwambia. Nilimwambia na lile la swali.

Aliishusha sweta.

"Nilikuwa namuuliza," alisema. "Tulifundishwa tuulize masikio kila siku kabla ya kudunga. Kila asubuhi nilimwambia, 'Unaskiaje leo?' Naye ananijibu, 'Niko poa, sista, ni tumbo tu inanisumbua.' Basi nikamdunga."