Mchoro wa Kituo cha Mwandiga

Mama mkubwa aliuza mafuta ya mawese kituoni Mwandiga tangu kabla sijaanza shule. Aliyatia kwenye chupa za maji, kubwa nyuma, ndogo mbele, juu ya meza iliyokuwa hatua chache tu kutoka mahali ambapo Hiace za kwenda Kigoma mjini hupakia abiria. Kwa meza hiyo alinilea mimi, mtoto wa mdogo wake. Sikuwahi kumwona amekaa nyumbani siku ya kazi, isipokuwa siku za msiba.

Kifua kilianza kumsumbua kidogokidogo. Kwanza alikohoa asubuhi tu. Baadaye akawa anakatisha maneno katikati, mteja anasubiri bei huku yeye ameinua mkono, anatafuta pumzi. Kila jioni alifuta chupa zake kwa kitambaa, na kitambaa kilitoka cheusi.

Nesi wa zahanati ndiye aliyeshtuka mapema. Alikuwa amewatibu wanawake kadhaa wa mstari uleule wa meza, kwa kikohozi kilekile, na mchana mmoja aliacha dawati lake akaja kusimama nyuma ya meza yetu. Alisimama muda mrefu. Hiace zilikuwa kwenye foleni, zote zikinguruma, moshi ukitoka chini na kuja moja kwa moja usoni kwa wauzaji.

"Mama," alimwambia mama mkubwa, "dawa ninayokupa asubuhi, moshi wa hawa unaimaliza nguvu kabla ya saa nne."

Akaenda kwa mwenyekiti wa madereva kumwomba wawe wanazima injini wakiwa kwenye foleni. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu, mikono nyuma.

"Sista, hii nikiizima, utakuja kuisukuma wewe?"

Madereva wenzake wakacheka. Mmoja akasema asukume taratibu, asije akachafua gauni jeupe. Nesi alirudi na machozi ya hasira, nami nilimwona mwenyekiti kuwa mtu mwenye dharau. Tulikosea wote wawili. Fundi mwenye gereji ng'ambo ya barabara ndiye aliyetueleza, akiwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Hana dharau, sista. Ana stata mbovu."

Alisema gari nyingi pale stata zilikufa zamani. Asubuhi zinasukumwa, zikishawaka hazizimwi mpaka jioni. Dereva anayezima kwenye foleni anaweza kupoteza zamu yake akihangaika kutafuta watu wa kusukuma. Nesi alikuwa amesoma mambo ya mapafu miaka mingi, na hilo hakulijua. Mwenyekiti naye hakujua kwamba moshi wake una kazi yoyote kifuani mwa mtu. Alidhani wanawake wale wanakohoa vumbi.

Ndivyo walivyoanza kukaa pamoja pale gereji, juu ya matairi: nesi, fundi na mwenyekiti. Mimi niliitwa kwa sababu nina kibanda cha kuchapa barua, na nilikuwa nimejifundisha kuchora ramani za viwanja kwa kutazama video kwenye simu. Sikusoma zaidi ya kidato cha nne. Nilifurahi kuitwa kuliko nilivyoonyesha.

Wazo lilitoka kwa mwenyekiti, na alilitoa kama mtu anayesimulia jambo la kawaida. Alisema mbele kidogo ya kituo, ukipita mashine ya kusaga, barabara inateremka. Foleni ikihamia pale, gari zinaweza kuzimwa zote. Zamu ya mtu ikifika, anaachia breki, gari linateremka lenyewe, anaweka gia, linawaka.

Fundi alicheka hadi akajishika tumbo. "Miaka yote tunasukuma magari, kumbe huyu ana mteremko kichwani."

Nesi akaandika barua kuhusu vifua alivyovipima. Fundi akaahidi kusafisha nozeli na filta za hewa kila Jumapili, gari moja moja, ili moshi upungue. Mhandisi wa halmashauri alipofuatwa hakutukatisha tamaa. Alisema kuhamisha foleni lazima kupite kwenye kamati, na kamati hukaa mara moja kila miezi mitatu. Kikao kilikuwa kinakaribia.

"Nileteeni mchoro kabla ya hapo," alisema, akinitazama mimi. "Hata wa penseli. Nione tu gari zinasimama wapi na watu wanapita wapi."

Niliuchora siku ileile. Ulikuwa unaeleweka. Naliweka wazi hilo hapa kwa sababu kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba haukuwa unaeleweka.

Nilipoutazama asubuhi niliona mstari wa mtaro wa kando ya barabara umepinda. Nikaurudia. Kisha nikawa na wasiwasi kwamba nilipima kwa hatua badala ya futi kamba, nikaazima futi kamba kwa fundi seremala, nikapima upya, nikarudia. Herufi zangu zikaonekana za kitoto. Nilimfikiria mhandisi akiushika mchoro wangu kwa ncha za vidole, akijua mara moja kwamba sikufundishwa na mtu. Kila karatasi niliyoichana ilinipa nafuu ya muda mfupi.

Fundi wa gereji aliniuliza kama nimeshapeleka.

"Tayari," nilimjibu.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka wajue mimi ni mtu wa kutegemewa, nikaamini nitapeleka kesho yake na uongo utakuwa kweli. Nilipeleka siku nne baada ya kikao. Mhandisi aliutazama, akasema ni kazi safi sana, na akauweka kwenye faili la kikao kijacho.

Hiyo miezi mitatu ilikuwa ya kiangazi. Vumbi la barabara liliungana na moshi. Mama mkubwa alianza kuondoka mezani saa sita, halafu saa nne. Siku moja alianguka katikati ya chupa zake, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyembeba hadi zahanati, kwa Hiace yake, abiria wakishushwa njiani. Nesi alimtuliza, kisha akaniita pembeni akasema asirudi tena kituoni. Mjomba alikuja kumchukua, akampeleka kwake upande wa Kasulu. Meza iliuzwa. Kila aliyenipa pole nilimshukuru, nikashindwa kumtazama.

Kikao kilipokaa, mchoro ulipita bila swali. Siku ya kwanza foleni ilipohamia mteremkoni nilisimama pale kituoni asubuhi nzima. Palikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia wanawake wakibishana bei ya samaki wa mgebuka. Nesi alinishika bega akasema tumefanya jambo. Sikuweza kukaa naye, nikasema nina kazi kibandani.

Nilienda Kasulu wiki iliyofuata. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, amekonda, mikono safi kama ya mgeni. Nilimwamkia. Aliitikia kwa shida, akauliza habari za kituo kabla ya kuniuliza habari zangu.

"Moshi umeisha, mama. Foleni imehamia kule mashineni."

"Alhamdulillah." Alipumzika. "Pangu amekaa nani?"

"Dada mmoja wa Ujiji."

"Anauza nini?"

"Mawese."

"Anayachuja?"

Nilisema sijui. Alitikisa kichwa, kama mtu anayejua kwamba hayachujwi. Ndipo nilipomwambia. Nilimwambia juu ya mchoro wa kwanza, wa penseli, na ule mwingine, na niliyemdanganya, na kikao. Nilizungumza haraka nikitazama mkeka. Alinisikiliza hadi mwisho, akavuta pumzi mara mbili tatu kabla ya kupata sauti.

"Ule wa kwanza ulikuwa na makosa gani?"

"Mtaro ulikuwa umepinda."

Alikohoa kidogo, akafuta mdomo kwa kanga.

"Mbona ule mtaro wenyewe umepinda, mwanangu."

Hakusema kwa ukali. Mke wa mjomba akaja na uji, nikamshikia mama mkubwa bakuli akinywa, akisimama kupumua kila baada ya mafunda mawili, na hatukulizungumza tena.